Homa ya Bonde la Ufa: mwongozo kwa mwenye banda Dar es Salaam

Kondoo wawili watatu wakitupa mimba ndani ya wiki moja, na wana waliozaliwa juzi wakafa kabla hata hawajanyonya vizuri, usianze kulaumu majani wala kutafuta aliyekuonea kijicho. Funga geti la banda, waondoe watoto na wajawazito eneo hilo, kisha iweke Homa ya Bonde la Ufa juu kabisa ya orodha yako. Inaweza ikawa siyo. Lakini ukikosea kwa kujihadhari umepoteza glavu na lita mbili za jiki, na ukikosea kwa kupuuza unaweza kupoteza kijana anayekukamulia.

Ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Wanaoumwa zaidi ni kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na wanyama pori wacheuao hawasalimiki: nyati, kuro, tandala mdogo na swala pala wamewahi kupimwa Kenya na kukutwa na dalili za mwili kupambana na virusi hivi, wengi wao bila kuonekana wagonjwa. Virusi vilitambuliwa kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Kwetu Tanzania mlipuko uliobaki vichwani mwa watu ni wa 2006/2007. Dodoma na Morogoro ziliumia zaidi, vifo vya watu vilipita 100, na Dar es Salaam ilikuwemo kwenye orodha ya mikoa iliyopata wagonjwa. Walaji walikimbia nyama nyekundu na bei ya ng'ombe ikaporomoka.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya hatua zozote. Mbu ndiye anayewasha moto, ila binadamu wengi hawaupati kwa mbu. Wanaupata kwa mikono: damu, maji ya uzazi, kondo la nyuma, kijusi kilichotupwa, nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu unachoshika na unachoacha kushika.

Kwa nini unalipuka mwaka fulani na si mwingine

Wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga mayai kwenye udongo wa mbuga na mabonde yanayojaa maji kwa msimu. Baadhi ya mayai hayo yanakuwa na virusi tayari, kutoka kwa mama, na yanaweza kukaa makavu ardhini kwa miaka. Mvua ya kawaida haitoshi kuyaamsha kwa wingi. Zikija mvua zinazotuamisha maji wiki baada ya wiki, kama zile za El Niño za 1997/98 na 2006/07, yanaanguliwa kwa pamoja, mbu wanang'ata mifugo, na damu ya mifugo inajaa virusi. Hapo mbu wengine wanadakia kazi, hasa Culex, wale wa usiku wanaozaliana kwenye mitaro na mashimo ya maji machafu. Culex Dar hatujawahi kupungukiwa.

Kwa hiyo mfugaji wa Goba, Chanika au Kigamboni ana milango miwili ya kuangalia: mbu wa hapa hapa, na fuso linaloshusha mifugo kutoka bara. Mlango wa pili ndio mpana zaidi. Mnyama aliyepandishwa lori Dodoma akiwa na homa ya siku ya kwanza anaweza kufika mnada wa Pugu virusi vikiwa bado vingi kwenye damu yake, akapokelewa na mbu wetu.

Usichanganye ugonjwa huu na ule unaoua kulungu wa Marekani kandokando ya mito mwishoni mwa kiangazi chao, wala na ulimi wa bluu wa kondoo. Hayo mawili ni ya virusi pia, lakini huenezwa na visubi, vidudu vidogo vinavyopenya chandarua cha kawaida na kuzaliana kwenye tope lenye samadi. Na hayamwambukizi binadamu. Homa ya Bonde la Ufa inamwambukiza.

Kabla ya mvua

Fuata utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisikia vuli itakuwa ya juu ya wastani, na hasa ukisikia huenda ikaungana na masika, hesabu kwamba una wiki chache za kazi, si miezi.

Anza na chanjo, kwa sababu ndiyo inayohitaji muda. Muulize daktari wa mifugo wa manispaa kama chanjo ipo na ni ya aina gani, maana aina zinatofautiana sana:

Chanjo hai ya zamani, iitwayo Smithburn, inatoa kinga ndefu kwa dozi moja, kwa kawaida mililita 1 chini ya ngozi. Ubaya wake ni kwamba inaweza kumtoa mnyama mimba au kulemaza kijusi. Mnyama mwenye mimba asichomwe hiyo. Kondoo na mbuzi hubeba mimba miezi mitano, kwa hiyo panga kuchanja kabla ya kuingiza dume, na kama dume linaishi na majike muda wote (kama ilivyo kwenye mabanda mengi ya mjini), mchukulie kila jike mzima kuwa ana mimba mpaka ihakikishwe vinginevyo. Chanjo hai ya Clone 13 ni pole zaidi, lakini nayo wenye mimba changa waachwe. Chanjo iliyouawa ni salama kwa wenye mimba, ila dozi moja haitoshi: inahitaji ya kurudia, kisha kila mwaka. Wana wa mama aliyechanjwa hulindwa kwa miezi ya mwanzo na maziwa ya kwanza, na kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isishike, hivyo wao husubiri hadi wafikie karibu miezi sita.

Chanjo isafiri kwenye kibaridi chenye barafu, nyuzi 2 hadi 8. Ikishachanganywa itumike saa hizo hizo kama lebo inavyoelekeza. Chupa iliyoachwa juu ya dashibodi ya bajaji kutoka Temeke hadi Bunju ni maji ya rangi, na hutajua mpaka ugonjwa uje.

Kosa linalouma kuliko yote ni kukimbilia chanjo wakati ugonjwa umeshaingia. Mnyama mwenye virusi kwenye damu anaweza kuonekana mzima. Ukimchoma yeye, kisha kwa sindano ile ile ukamchoma wa pili na wa tatu, umefanya kazi ya mbu kwa ufanisi kuliko mbu mwenyewe. Hiyo inahusu pia mazoea ya kuchoma oksitetra zizi zima mara mimba ya kwanza inapotoka. Antibiotiki haiui kirusi, na sindano moja kwa mifugo ishirini inakieneza. Kila mnyama na sindano yake, siku zote, hata kwa dawa ya minyoo ya kuchoma.

Kuhusu mbu wenyewe, mzunguko wa kutoka yai hadi mbu anayeruka kwenye joto letu ni kama siku saba hadi kumi. Ukivunja mzunguko mara moja kwa wiki unashinda. Ukisahau wiki mbili umefuga. Chagua siku moja, Jumamosi au yoyote, na ufanye haya:

1. Mwaga maji yote ya birika na mapipa ya kunyweshea, kisha sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai ya Aedes hubandika ukutani juu kidogo ya usawa wa maji na yanangoja yajazwe tena.
2. Kusanya matairi, vifuu, ndoo mbovu na makopo yaliyozunguka banda. Matairi ya kuzuia bati lisipeperuke yatobolewe chini au yajazwe mchanga.
3. Angalia kwato zimechimba wapi. Mlangoni mwa zizi na pembeni ya hori huwa pana madimbwi ya nyayo yanayokaa maji siku nyingi. Jaza kifusi au changarawe.
4. Shimo la mkojo na maji ya kuoshea banda lifunikwe. Lisipofunikika, weka kiuaviluwiluwi cha kibiolojia, kile kinachozalishwa kiwandani Kibaha kinafaa. Zipo aina mbili: moja hufanya kazi vizuri kwenye maji masafi, nyingine hustahimili maji machafu. Kwa shimo la samadi ulizia hiyo ya pili, la sivyo utalalamika kwamba dawa ni feki.

Mifugo yenyewe ipakwe dawa ya kumwaga mgongoni yenye deltamethrini au iogeshwe, kwa kipimo cha lebo na uzito. Inasaidia kwa mbu, inasaidia zaidi kwa kupe, lakini isikufanye ulale. Wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa kwenye banda la kufungwa wanaweza kuzungushia chandarua chenye dawa kuanzia chini hadi urefu wa bega la mtu. Acha upepo upite juu, joto la Februari nalo linaua maziwa. Moshi wa samadi unapunguza kung'atwa kidogo na kuongeza kikohozi cha ndama.

Kununua mnadani

Msimu wa hatari, ukinunua Pugu au kwa dalali yeyote, dai kibali cha kusafirisha mifugo na uangalie kimeandikwa wilaya gani ya kutoka, si wilaya ya kupitia. Muulize muuzaji kama kundi lilikotoka kuna waliotupa mimba. Hatasema kweli kila mara, lakini mwangalie mnyama: jike mwenye chuchu zilizojaa bila mwana, uke uliovimba au wenye ute wa damu, mkia wenye damu iliyokauka. Mbuzi wa namna hiyo akitajwa kwa bei ya kutupa, ni bei ya kutupa kweli.

Mgeni akae peke yake siku 14, mbali na wenyeji na ikiwezekana ndani ya chandarua, na mpime joto kila asubuhi kwa siku saba za kwanza. Kipimajoto kiingie njia ya haja kubwa, kikiegemea ukuta wa utumbo na si kwenye kinyesi, dakika mbili hadi tatu. Kondoo na mbuzi wazima huwa karibu nyuzi 38.5 hadi 39.5, na ng'ombe chini kidogo. Pima asubuhi kabla jua halijawaka. Mbuzi aliyeshinda juani saa nane mchana anaweza kukusomea nyuzi 40 akiwa mzima kabisa.

Utaujuaje

Umri ndio unaoamua. Mwanakondoo au mwanambuzi wa chini ya wiki moja hupandisha homa, anaacha kunyonya, anajikunyata na kufa ndani ya siku moja na nusu hivi. Kwa wachanga hao vifo hufika asilimia 90 na zaidi. Wakubwa hupata homa ya nyuzi 40 hadi 42, kamasi yenye damu, kuhara kunakonuka, udhaifu. Kondoo wazima wanaweza kufa asilimia 20 hadi 30. Ng'ombe mzima mara nyingi hafi. Anapunguza maziwa ghafla, anadondosha mate, anasimama kinyonge, na kama ana mimba anaitupa. Ndama huonyesha umanjano machoni. Ng'ombe na mbuzi wa kizungu huumia zaidi ya wa kienyeji, na hapo ndipo wafugaji wa maziwa wa mjini wanapopigwa.

Alama kubwa ni mimba kutoka katika umri wowote wa mimba, kwa majike wengi kwa mpigo, pamoja na vifo vya wachanga. Ugonjwa wa kutupa mimba wa bakteria, ule wa brusela, huelekea kutoa mimba kubwa, mmoja leo mwingine baada ya wiki kadhaa, na kondo la nyuma hubaki ndani. Sotoka ya mbuzi huja na vidonda vya mdomo na makamasi mazito. Ndigana kali huvimbisha tezi. Kimeta kinaua ghafla na damu hutoka matunduni bila kuganda. Hii ya mwisho ni sababu nyingine ya kutompasua mnyama aliyekufa ghafla ili "kuona ndani", maana kimeta na Homa ya Bonde la Ufa vyote vinamngoja anayeshika kisu.

Saa ya kwanza baada ya mimba kutoka

Usimguse mama wala kijusi kwa mikono mitupu. Siku hizi mifuko ya rambo ya kuvalia mikononi haipo, tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo boksi la glavu liwepo bandani kabla ya tatizo. Vaa pea mbili, moja juu ya nyingine, na ya nje ifunike mkono wa overoli. Buti za mpira, barakoa, na miwani. Miwani wengi huiacha kwa sababu inapata ukungu. Kama ni alfajiri au jioni, jipake dawa ya kufukuza mbu kwanza. Tone la maji ya uzazi likiingia jichoni linatosha kukuambukiza.

Kabla hujaingia, changanya dawa. Jiki ya dukani yenye asilimia 3.5 ya klorini, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, inakupa asilimia 0.5, nguvu inayotakiwa. Yaani lita moja ya jiki kwa lita sita za maji. Kama una klorini ya unga ya asilimia 70, ni gramu 7 kwa kila lita. Pima kwa mizani ukiweza. Vaa glavu na uchanganye mahali penye hewa, usiweke siki, asidi ya choo wala mkojo humo, maana hutoka hewa inayochoma mapafu. Jiki ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji usiitegemee. Hujui ilikuwa asilimia ngapi wala imekaa juani muda gani, na jua ndilo linaloiua. Mchanganyiko wa jana umwage.

Halafu, kwa mpangilio huu:

1. Mhamishe mama kwenye kizimba chake peke yake, palipo na kivuli na maji. Wengine wabaki walipo. Usiwapeleke kwa jirani "wakapone", na usiuze hata mmoja.
2. Mwagia dawa hiyo kijusi, kondo na sehemu iliyolowa, acha dakika 15 bila kugusa.
3. Kusanya kwa sepetu, si kwa mikono, weka ndani ya gunia la sandarusi lililotandikwa nailoni nzito. Funga. Mbwa na kunguru wawekwe mbali. Kunguru wa Dar hawahitaji dakika tano.
4. Ondoa majani na samadi iliyolowa damu, iende pamoja na gunia. Hapa watu hukosea kwa kumwaga jiki juu ya samadi na kuondoka. Klorini huliwa na uchafu. Lazima uzoe kwanza, uoshe kwa sabuni ya unga na maji, ndipo umwage dawa kwenye sakafu safi na kuiacha tena.
5. Usipige bomba la maji kwa nguvu. Maji yanayoruka yanatengeneza ukungu wa kuvutwa puani.
6. Vua kwa mpangilio: chovya glavu za nje kwenye dawa uzivue, buti zioshwe, overoli ivuliwe kwa kuigeuza ndani nje, miwani na barakoa mwisho, glavu za ndani mwisho kabisa, kisha sabuni na maji yanayotiririka hadi kiwiko.

Sasa piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Kutoa taarifa ni wajibu kwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, na wengi huogopa kwamba serikali itafunga banda. Karantini inauma, ndiyo. Lakini ukificha, wa pili kujua atakuwa muuguzi kwenye zahanati, na yeye atauliza maziwa ulimuuzia nani.

Sampuli

Zichukuliwe na mtaalamu, wewe umshike mnyama tu ukiwa umevaa kinga. Kinachotakiwa ni damu ya mnyama mwenye homa leo, si aliyepona wiki iliyopita, kwa sababu virusi hukaa kwenye damu siku chache. Chupa ya kifuniko cha zambarau kwa kutafuta kirusi chenyewe, na ya kifuniko chekundu kwa kutafuta kinga ya mwili. Kutoka kwa kijusi huchukuliwa vipande vya ini na wengu. Chupa hukazwa, hufungwa tishu ya kunyonya, huingizwa kwenye chombo cha pili kisichovuja, kisha kibaridi chenye barafu. Kwa Dar kuna nafuu moja kubwa: makao makuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania yako Temeke, kwa hiyo hakuna kisingizio cha sampuli kuoza njiani. Usigandishe damu nzima kwenye friza ya nyumbani. Chembe hupasuka na sampuli inaharibika, na friza hiyo ina samaki wenu.

Kuzika

Shimo la mita 2, lenye mita 1 ya udongo juu ya mzoga, umbali wa angalau mita 30 kutoka kisima chochote. Goba na Kisarawe hilo linawezekana. Kigamboni, Mbweni na mabonde ya Mzinga maji yanakuja kabla hujafika kiunoni, na kuzika ndani ya maji ya kisima cha jirani hakukubaliki. Huko muombe afisa akuelekeze mahali pa juu au kuchoma. Kijusi na kondo vinachomeka kwa kuni kavu, ng'ombe mzima anahitaji kuni nyingi na usimamizi.

Usipasue tumbo la mzoga ili ushuke upesi, hata kama ndivyo ulivyofundishwa kwa magonjwa mengine. Funika kwanza kwa udongo wa kama sentimita 40, ndipo utandaze chokaa, kisha malizia udongo. Chokaa ikilala moja kwa moja juu ya mwili inaukausha na kuchelewesha kuoza. Acha kichuguu, usishindilie. Gesi itaunyanyua udongo siku ya tatu na usipoacha nafasi utapasuka na kutoa majimaji.

Kisu

Hapa ndipo watu wanapokufa. Mnyama ameanza kutetemeka, mwenye mali anaona laki kadhaa zinaondoka, mtu anasema "mwahini asife kibudu". Anachinjwa, damu yake ikiwa imejaa virusi kuliko wakati wowote, na anayechinja, anayechuna, anayeshika miguu na mama anayeosha matumbo wote wanaoga damu hiyo. Halali ya kisu haimwondolei kirusi. Mnyama mwenye homa hachinjwi, nukta. Akifa, anazikwa. Jambo hili lisemwe mapema kwenye familia, hasa kuelekea Idd el-Hajj, maana siku yenyewe hakuna atakayesikiliza.

Nyama iliyopita machinjioni na kukaguliwa, kama Vingunguti, ni habari nyingine. Nyama ikikaa inaongezeka ukali wa asidi ndani ya saa 12 hadi 24 na virusi havistahimili asidi hiyo; nyama ya moto ya alfajiri haijafika hapo. Ikiiva sawasawa haina shida. Hatari iko kwa anayeikata mbichi akiwa na jeraha kidoleni. Mkaguzi na mchunaji waangalie ini: la wachanga huwa laini la kupondeka, lenye rangi ya njano ya kahawia na vidoa vyeupe vidogo vidogo. Ukiliona hilo, simamisha kisu na muite mkaguzi, usilikate zaidi kuhakikisha.

Maziwa yachemke hadi yaumuke na kutokota, ndipo yanywewe au yagandishwe mtindi. Mtindi wa maziwa mabichi usiupe dhamana kwa sababu ni mchachu. Uchachu wa jagi moja si wa jagi jingine. Maziwa ya mnyama mwenye homa yamwagwe shimoni na klorini, hata ndama asipewe.

Mtu akipata homa

Kwa binadamu homa huja siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa: mwili kuuma, kichwa, viungo, kuchoka. Wengi hupona ndani ya wiki. Wachache sana hutokwa damu, hupata manjano, kuchanganyikiwa, au wiki moja hadi tatu baadaye macho kupoteza nuru. Dar dalili hizi watu huziita malaria au dengi kabla hawajashuka kwenye daladala. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, mwambie daktari waziwazi: "Nafuga, mimba zilitoka, nilishika." Bila sentensi hiyo hawezi kuufikiria ugonjwa huu.

Usinywe asprini wala diklofenaki ukisubiri majibu, zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Paracetamol kwa kipimo tu, maana ini tayari lina kazi. Hakuna dawa maalumu ya kuua kirusi hiki wala chanjo iliyoidhinishwa kwa watu, tiba ni kuutunza mwili hospitalini. Maambukizi ya mtu kwa mtu hayajathibitishwa, hivyo mgonjwa asitengwe kama mkosi, ila damu yake ishikwe kwa glavu.

Kufungua tena

Usirudishe mifugo sokoni kwa sababu mimba zimeacha kutoka. Subiri barua ya daktari wa mifugo. Majike waliotupa mimba na kupona huwa na kinga ya muda mrefu, kwa hiyo usiwauze kwa hasira. Ndio utakaowahitaji msimu ujao, na wageni utakaowaleta ndio wa kuchanjwa kwanza, kabla ya dume.